Aliyesahau Neno Lake Nchini Yakini

Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu imekuwa kufungua milango ya watu waliopoteza funguo. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji ajue kwamba habari hizi za nchi ya Yakini zinatoka kwa fundi wa kufuli, wala si kwa msomi wa sheria. Njia iliyonifikisha huko siwezi kumwonyesha mtu, na hata ningeweza isingemfaa. Nitaeleza nilichokikuta.

Nilikuta milango isiyo na tundu la ufunguo. Mlango wa kwanza niliupapasa kuanzia juu hadi chini, nikapiga magoti, nikachungulia kwenye kizingiti, sikuona kitu. Mahali ambapo kwetu pangekuwa na kitasa palikuwa na sikio la shaba, kubwa kiasi cha kiganja, lililofinyangwa vizuri hata likawa na ndewe. Mwenye nyumba huinama, hulinong'oneza neno lake la siri, na mlango hufunguka wenyewe bila mlio. Masikio hayo yako kila mahali: kwenye visima, shuleni, sokoni, mpaka kwenye makabati ya jikoni. Nilisimama mtaani nikitazama watu wakiingia na kutoka, na nakiri kwamba nilihisi ufundi wangu wote ni mchezo wa mtoto.

Neno la siri lina masharti. Lazima liwe na jina la mnyama, na hesabu, na sauti moja isiyo na maana. Lisifanane na lililotangulia. Lisiandikwe popote wala kuambiwa mtu, hata mume au mke. Na kila baada ya miezi mitatu libadilishwe. Kwa hiyo asubuhi mtaa mzima husikika ukinong'ona, kisha ukikohoa, ukipiga mbinja, ukipiga kidoko. Nilimwona hakimu aliyevaa joho akitoa mlio wa mbuzi mbele ya ofisi yake, na waliokuwa wakipita wakamwamkia kwa heshima. Hakuna aliyecheka. Waliniambia kwamba kabla ya masikio, mtu mmoja aliwahi kujifanya jirani yake akahamisha shamba lote la huyo jirani likawa lake, na tangu hapo nchi iliapa kwamba kila mtu atakuwa yeye mwenyewe na si mwingine.

Majina nayo ni hivyo hivyo. Watu wawili hawaruhusiwi kuwa na jina moja. Majina mazuri yaliisha zamani, kwa hiyo waliozaliwa miaka ya karibuni wameongezewa namba. Mgeni hana neno wala namba. Anaruhusiwa kuingia popote, mradi aingie nyuma ya mwenyeji wake, na matendo yake yote yawe juu ya mwenyeji huyo.

Mwenyeji wangu aliitwa Bwana Shekue, mgane wa miaka sabini hivi, mrefu, mkali wa maneno na mpole wa mikono. Ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya sheria za masikio alipokuwa kijana. Sasa alikuwa na vita nyingine: alitaka Ukumbi wa Mji ufungwe. Wiki mbili baada ya kufika kwangu hoja yake ingepelekwa Jukwaani, mahali ambapo raia yeyote anaweza kusema lolote, na sauti yake ikasafiri kwa mabomba ya shaba hadi nyumba ya mwisho mpakani. Wana fahari sana na Jukwaa hilo. Hapa kila mtu ana uhuru wa kusema, waliniambia, mradi awe yeye.

Siku ya pili Bwana Shekue alinipeleka Ukumbini mwenyewe. Nilishangaa kwamba adui wa mahali ndiye anayenionyesha, akasema hapendi mtu akubaliane naye kuhusu kitu asichokiona.

Sijui niueleze vipi ukumbi ule. Ni chumba kimoja chenye ukubwa wa kilima, hakina dirisha, na ndani yake wameketi watu elfu ishirini, kila mmoja ana sahani ya kioo mapajani. Anayegusa sahani yake kwa kidole huinua nuru mbele yake, nuru inayokaa hewani kama tofali linavyokaa ukutani. Kwa miaka ishirini na sita wamekuwa wakijenga mji mmoja. Niliona mitaa ya nuru, ngazi, mifereji, vibanda vya kuuza maandazi, paka juu ya mapaa. Ilikuwa inanyesha mvua upande wa mashariki, na Bwana Shekue alinionyesha mtu aliyeifanya: mpagazi mnene, macho nusu yamefumba, ambaye kwa miaka tisa hajajenga kitu kingine ila mvua. Nilitokwa na machozi na sikujua kwa nini. Nilipomtazama mwenyeji wangu, niliona naye anaitazama mvua ile.

Katikati ya mji palikuwa na daraja la matao kumi na moja, na tao la kumi na mbili lilikuwa limekomea hewani. Taa ndogo nyingi zilikuwa zimepangwa mbele ya pengo lile, zikisubiri kuvuka. Niliuliza la nani.

"La Ghanima, mpinzani wangu," akasema. "Halijaguswa zaidi ya mwezi. Anajua fika haliwezi kukaa hivyo."

Tulipotoka nje alinieleza hoja yake. Watu wanaziba mapaa ya nuru huku mapaa yao ya makuti yanavuja. Kuna watoto wanaojua vichochoro vyote vya mji usiokuwepo na hawajui shangazi yao anakaa mtaa gani. Watu wazima wanapigana Ukumbini, wanaangushana minara, kisha wanarudi nyumbani na hasira ya kweli. Alizungumza vizuri sana. Lakini asubuhi zilizofuata, alipokuwa akijizoeza hotuba katika chumba cha juu, nilimsikia akifika mwisho wa kila hoja na kunyamaza, kama anayempisha mtu. Mara moja alisema polepole, "Hapa Ghanima angenibana," akakaa kitambo, na hakupata wa kumbana. Akaendelea.

Bi Ghanima nilimkuta siku ya tatu, akiwa amekaa kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwalimu wa hesabu, mwenye sauti ya kuzoea darasa kubwa. Kwa miaka kumi na minane amekuwa akipanda Jukwaani kila Bwana Shekue anapopanda, na kumpinga. Mwezi uliotangulia alibadilisha neno lake kama sheria inavyotaka, na jioni ile ile homa ikamshika. Alilazwa siku kumi na moja. Alipopona alikumbuka kila kitu isipokuwa neno. Alijaribu mara tatu, na baada ya mara ya tatu masikio yote ya nchi yakamfunga.

Tangu siku hiyo akawa asiyejulikana. Asiyejulikana haruhusiwi kuingia mlango wowote, na anayemwingiza au kusema kwa niaba yake ana kosa la kuazima utu, na adhabu yake ni kufutwa jina siku hiyo hiyo. Baraza iko nje ya mlango, kwa hiyo hakuna sheria inayomzuia kukaa hapo. Majirani walipita na sahani za wali na samaki, wakakaa, wakasalimiana naye, wakaondoka wakiwa wamezisahau. Walikuwa wakisahau kila siku mchana na jioni.

Nilimwambia mimi ni nani. Kisha nikatazama mlango wake kwa jicho la kazi, na nikaona jambo ambalo sikuamini. Bawaba zilikuwa nje. Pini mbili za chuma, hata kutu hazina. Ningezitoa kabla kahawa yake haijapoa. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba ningeweza kumwingiza ndani bila kuliuliza sikio.

Alizitazama pini zile kwa muda mrefu. Nadhani hakuwahi kuziona. Kisha akatikisa kichwa.

"Fundi, nikiingia hivyo," akasema, "aliyeingia atakuwa nani?"



Sheria ilimpa njia moja. Kila raia akifikisha miaka kumi na minane hulijibu sikio maswali matatu, na aliyesahau neno anaweza kuyajibu tena, mara moja kila siku kumi, mpaka siku ya arobaini tangu afungiwe. Siku ya arobaini ikipita, anaandikwa kwamba hayupo. Nyumba yake inakuwa wazi, na jina lake linaachiliwa achukue mwingine. Siku ya thelathini nilimsindikiza ofisini kwa Mkuu wa Masikio, Bwana Mwidani, ambaye ni mtu mpole aliyechoka, na ambaye alimpisha kiti chake mwenyewe. Shughuli yenyewe ilifanyika uani, maana ndani hakuruhusiwa.

Swali la kwanza lilikuwa rangi aipendayo. Alijibu, sikio likalia kengele ndogo. La pili lilikuwa rafiki yake wa karibu. Akataja msichana aliyekufa zamani, kengele ikalia. La tatu lilikuwa: unaogopa nini kuliko vyote? Siku ya kumi alijibu kifo, likakataa. Siku ya ishirini alijibu upweke, likakataa. Siku hiyo alijibu kusahau, na alivyolitamka hakuna binadamu ambaye angemtilia shaka. Sikio lilinyamaza.

"Lakini hilo ndilo ninaloliogopa," akamwambia Bwana Mwidani.

Mkuu akaeleza, kwa adabu, kwamba jibu sahihi ni la msichana wa miaka kumi na minane. Majibu hayabadiliki. Yeye mwenyewe hakulijua, wala hakuna aliyelijua ila sikio. Bi Ghanima akamuuliza kama kweli hamjui. Bwana Mwidani aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, mimi nakujua," akasema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kugawanya. Lakini mimi si sikio."

Siku chache baadaye alikuja mwanamke wa kama miaka thelathini, akasimama mbele ya baraza, hana pa kuweka mikono. Jina lake lilikuwa Riziki wa Mia Nne na Sita. Alikuwa ameandikisha maombi ya jina la Ghanima, na nyumba inakwenda na jina. Hakuja kwa ubaya. Alisema maisha yake yote ameitwa kwa namba, hata mama yake akimwita kula humwita Mia Nne, na alipoliona jina lisilo na mkia kwenye orodha ya majina yanayokaribia kuwa wazi, mkono uliandika kabla hajafikiri. Amekuja kuuliza tu linatamkwaje vizuri, ile herufi ya kwanza.

Nilitazamia Bi Ghanima amfukuze. Badala yake alimkalisha karibu naye, akamfundisha. Ilitoka kooni mno, akamwambia alegeze. Wakarudia mara nyingi. Yule mwanamke alipoliweza alilia, na mwalimu akampa leso. Alipoondoka, Bi Ghanima alijiegemeza kwenye mlango wake uliofungwa, na kwa mara ya kwanza akaniomba nimwache peke yake.

Siku ya arobaini ndiyo ilikuwa siku ya hoja. Asubuhi alikwenda kwa mara ya mwisho. Kwa siku kumi alikuwa amemfikiria yule msichana aliyekuwa yeye, alivyotembea, nani alimwonea, na alikuwa na hakika amempata. Akajibu: kutosikilizwa. Sikio halikulia. Bwana Mwidani aliandika anachotakiwa kuandika. Kuanzia kutua kwa jua, Ghanima huyu hatakuwepo.

Alasiri uwanja wa Jukwaa ulijaa. Bwana Shekue alipanda, akainama, akanong'ona, akapiga kidoko, na mabomba yakafunguka kwa mvumo ulionipita kifuani. Alisema kwa muda wa saa nzima. Sikuwahi kumsikia mtu akijenga hoja vile, jiwe juu ya jiwe, na sauti ile ile ikisikika kutoka kila dirisha la nchi. Mpagazi wa mvua alikuwa karibu nami, na hata yeye alikuwa akiitikia kwa kichwa. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejiandikisha kupinga. Kwa miaka kumi na minane kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Mabomba yanapofunguliwa na mtu, hubaki wazi mpaka mtu huyo ateremke. Bwana Shekue alimaliza, na hakuteremka. Alishuka ngazi mpaka ya mwisho, akasimama na mguu mmoja juu yake na mwingine hewani, na mkono wake akaunyoosha kuelekea pembeni mwa uwanja, alikokuwa Bi Ghanima kati ya watu.

"Maneno yatakayofuata, kwa sheria, ni yangu," akasema. "Nayapinga yote. Yasikilizeni."

Uwanja mzima ulielewa kabla yangu. Niliona Bwana Mwidani akisimama, akafungua kinywa, akakaa tena. Aliyeandika kosa la kuazima utu alikuwa akilitenda mbele ya nchi, na kila nyumba ilikuwa ikisikia.

Bi Ghanima alipita katikati ya watu, nao wakampisha. Alipofika kwenye ngazi alimwambia mzee kitu ambacho mabomba hayakukichukua. Aliniambia baadaye kwamba alimwambia ashike nguzo, asije akaanguka. Akapanda.

Hakusema neno juu ya masikio, wala juu ya nyumba yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye hoja. Alikubali kwamba mapaa yanavuja, akawauliza ni wangapi wamejifunza kuezeka kwanza Ukumbini. Alisema mle ndani mpagazi hujenga ukuta mmoja na hakimu, na hakimu hulazimika kumuuliza mpagazi tofali linalofuata liwekwe wapi, na hakuna mahali pengine nchini ambapo swali hilo huulizwa. Kuhusu hasira alisema Bwana Shekue yuko sahihi kabisa, na kwamba yeye mwenyewe amewahi kuangusha mnara wa mtu kwa chuki, na ilimchukua mwaka mzima kuomba radhi. Akaomba Ukumbi ufungwe siku mbili kwa wiki, usifungwe milele. Wakati wote huo mzee alisimama kwa mguu mmoja, amekumbatia nguzo, goti likimtetemeka, na mara mbili nilimwona akitikisa kichwa kwa nguvu, kama mtu anayetamani zamu yake ifike haraka.

Nimeona milango mingi ikifunguliwa. Huo wa Jukwaa ulikuwa wa kwanza kuuona ukishikiliwa wazi na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja.

Nchi ilipiga kura kabla ya magharibi, kila mtu akilinong'oneza sikio la mlango wake. Ukumbi ulibaki, kwa tofauti ya kura mia tatu na kidogo, na siku mbili za kufungwa kila wiki. Karani akaandika kwenye kitabu cha nchi maneno yaliyomo mpaka leo: hoja ya Bwana Shekue imeshindwa na hoja ya Bwana Shekue. Chini yake akaandika kwamba mwenye hoja zote mbili amefutwa.

Basi jua lilipotua tulikuwa watu watatu barabarani tusio na mlango. Bi Ghanima hayupo, Bwana Shekue amefutwa, nami sina mwenyeji. Mzee alijaribu sikio la nyumba yake mara moja tu, kwa kuhakikisha, akaliacha. Bwana Mwidani alikuja mbio na kitabu cha sheria mkononi, jasho likimtoka. Alikuwa ameisoma yote. Asiyejulikana haingizwi popote, hilo lilikuwa wazi. Lakini aliyefutwa au kuandikwa kwamba hayupo si raia tena, na asiyekuwa raia ni mgeni, na mgeni huingia nyuma ya mwenyeji. Alisoma kifungu hicho mara mbili kwa sauti, akatutazama, akafunga kitabu na kwenda zake.

Tulikwenda kwenye nyumba yenye baraza kwa sababu ndiko miguu ilikozoea. Mlango ulikuwa wazi. Yule mwanamke aliyeitwa Riziki wa Mia Nne na Sita hadi jua lilipotua, na ambaye sasa alikuwa Ghanima, alikuwa ndani. Taa imewashwa, na hajakaa. Alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mtu mwingine, hajui aguse nini. Mabomba ya nyumba alikotoka yalikuwa yamemletea hotuba yote.

Bi Ghanima alisimama kwenye kizingiti alichokikanyaga miaka ishirini. Bwana Shekue, nyuma yake, bado alikuwa akimweleza kwamba lile la kuezeka mapaa halikuwa jibu, lilikuwa ujanja, na kwamba kesho atamwonyesha. Bi Ghanima alimwashiria kwa mkono anyamaze kidogo. Akagonga ubao wa mlango mara mbili kwa kidole.

"Hodi," akasema.

Mwenye nyumba alisogea mlangoni. Kisha akasema karibu, mwalimu, karibuni nyote, na jina lake jipya alipojitambulisha alilitamka vizuri kabisa.